Konokono wa Nyongeza

Dokta Birago Amponsem alianza kucheza kabla hajaimaliza barua. Alisoma mstari wa juu tu, ule uliosema wahakiki wawili kati ya watatu wameikubali makala yake bila neno, basi, akavua viatu, akajifunga shali kiunoni, akaizunguka ofisi akitikisa mabega kama yuko kwenye harusi ya mdogo wake. Mama mzima wa miaka arobaini na tisa, mkuu wa kitengo cha taasisi ya utafiti, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba! Selorm, mwenzake wa meza ya pili, alimpigia makofi ya mdundo mpaka mkutubi wa ghorofa ya chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Na kwa nini asicheze? Miaka kumi na moja, jamani. Miaka kumi na moja Birago alikuwa akisema jambo moja lile lile kwa yeyote aliyekaa kumsikiliza, na kwa wengi ambao hawakukaa: kwamba konokono mkubwa wa msituni, huyu huyu ambaye mji mzima wa Kumasi unamtia kwenye supu, ana kitabu cha vinasaba kilichonakiliwa chote. Zamani sana, kabla mtu hajakuwako duniani, yai moja lilikosea likatunza kila sura mara mbili. Nakala ya kwanza ikaendelea na kazi zake. Nakala ya pili haikuwa na kazi wala wa kuichunga, ikaanza kuzurura na kujifunza mambo mapya, na mojawapo ya mambo hayo ni ule mlango mweupe ambao konokono hujifungia nao harmatani, ule upepo mkavu wa kiangazi, ikivuma, akalala miezi bila tone la maji. Birago aliyaona haya yote kwenye kompyuta, jeni kwa jeni, zimejipanga mbili mbili kama wanafunzi wanaokwenda mchakamchaka. Alikuwa akizitazama jozi zile na kucheka peke yake, na mama zake wadogo walishamzoea.

Konokono mwenyewe, yule wa utelezi, hakutaka hata kumgusa. Ndivyo walivyo watu wa kompyuta, wanayajua ya ndani ya kiumbe mpaka kucha, lakini ukiwawekea kiganjani wanapiga yowe.

Selorm ndiye aliyemsimamisha. Yeye alikuwa mtu wa mji wa Ho, mrefu, mtaratibu, na utaratibu wao wa kazi ulikuwa huu: Birago anaandika programu, Selorm anatafuta namna ya kuivunja. Asipoweza kuivunja kwa wiki nzima, wanaiamini. Basi na barua aliisoma kwa jicho hilo hilo, kutoka chini kwenda juu, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Dada," akasema, "umefika kwa mhakiki wa tatu?"

Birago akavaa miwani. Mhakiki wa tatu, ambaye kama kawaida ya mambo hayo jina lake lilifichwa, alisifu kwanza. Kisha akauliza swali moja. Ukiwachukua konokono wawili wa jamii mbili zinazokaribiana, ukawasaga kwenye kichupa kimoja, kompyuta itakuonyesha vivyo hivyo: kila sura mara mbili. Je, mwandishi anaweza kuonyesha kwamba aliyesagwa ni mmoja? Alipewa siku kumi. Akishindwa, makala inarudishwa.

Birago akacheka. Bila shaka alikuwa mmoja, alimnunua mwenyewe! Akaenda kabatini akachomoa daftari la maabara la mwaka ule wa kwanza wa kazi, lenye mwandiko wa Mzee Boadu, fundi wa maabara, aliyestaafu miaka sita iliyopita. Akalifungua huku bado anacheka. Mzee Boadu aliandika kwa herufi nzuri za shule ya zamani: *Soko kuu. Konokono mmoja mkubwa, wa milia. Nyongeza: mmoja, mdogo, wa kahawia. Kazi imekamilika.*

Kicheko kikamkauka mdomoni.

Nyongeza! Alikuwa amesahau kabisa. Lakini nani Kumasi ananunua kitu sokoni akaondoka bila nyongeza? Ununue nyanya, utaongezwa nyanya. Ununue mkate, utaongezwa hata andazi. Muuzaji asiyeongeza husemwa mpaka wajukuu zake wakose wachumba, na mnunuzi asiyeomba huonekana mgonjwa. Sasa picha yote ikamrudia. Alikuwa amevaa gauni la safari, ameshika mfuko wa konokono mbali na mwili wake kama ameshika bomu, akamwambia mama muuzaji kwa sauti ya kubembeleza, Eno, mama yangu, hutaniongezea hata kidogo? Na yule mama, kwa moyo mweupe, akamtupia mmoja mdogo wa kahawia, wa jamii nyingine ya karibu. Birago akaupeleka mfuko maabara, akamwachia Mzee Boadu, akakimbilia ndege ya Dakar kwenye mkutano. Aliporudi, kichupa kilikuwa tayari, kimefungwa vizuri, kikatumwa kusomwa.

"Kwa hiyo," Selorm akasema polepole, "konokono walioingia maabara ni wawili, na kichupa kilichotoka ni kimoja."

Birago akaketi sakafuni, shali bado i kiunoni. Kusoma konokono mwingine upya kulitaka miezi minane. Alikuwa na siku kumi. Na haikuwa habari ya cheo wala ya makala tu. Kama wale wawili walisagwa pamoja, basi zile jozi alizozitazama na kuzichekea miaka kumi na moja hazikuwa jozi, zilikuwa majirani wawili waliotiwa chungu kimoja. Yai lililokosea halikuwahi kuwako. Maisha yake yote ya kazi yangekuwa mchuzi.

Akakaa pale kama dakika mbili, halafu akainuka ghafla, maana hakuumbwa kukaa chini muda mrefu.

"Tuhesabu mama," akasema.

Selorm akampa mkono papo hapo. Kila kiumbe ana kipete kidogo cha vinasaba anachokirithi kwa mama yake peke yake, baba hana lake humo. Hata konokono, ambaye kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, aliyetaga yai ndiye mama. Kichupa kikiwa na mnyama mmoja, kutakuwa na aina moja ya vipete. Wakiwa wawili, zitakuwa aina mbili, nusu kwa nusu, au theluthi moja kwa theluthi mbili. Selorm alisema hili ni wazo la hali ya juu la kisayansi. Birago akamwambia aache hizo, Waasante wamehesabu watu kwa mama zao tangu na tangu, na kama angewauliza wajomba zake wangelimaliza jambo hili kabla ya chai.

Wakaandika programu kwa dakika arobaini, Selorm akaivunja mara mbili, wakaitengeneza, wakaiachia izame kwenye data ya zamani. Ilisema itamaliza saa tisa alasiri. Ee, saa zile zilikuwa ndefu! Birago alishuka ngazi, akapanda, akashuka tena, akanunua ndizi za kuchoma na karanga, akala za watu wanne. Alimpigia simu mama yake mdogo wa Ejisu bila sababu yoyote, akamwuliza hali ya bata. Alijikuta anacheka, halafu anatetemeka, halafu anacheka tena, na hakujua ni kipi kati ya hivyo kinatokana na woga.

Saa tisa na dakika tano jibu likaja. Katika kila vipete elfu moja, mia tisa tisini na nane vilikuwa vya konokono wa milia. Viwili vilikuwa vya kahawia.

Wakaitazama ile namba. Kisha Birago akapiga ukelele uliomfanya mkutubi ashike tena ufagio. Viwili kati ya elfu! Hiyo si nusu wala theluthi! Wangesagwa pamoja, yule mdogo angejaa kila mahali. Hapa palikuwa na bahari na tone. Jozi zake ni jozi, yai lilikosea kweli, na Mungu ni mwema.

Selorm hakucheza. Alivuta kiti, akakaa kinyume, akakunja mikono juu ya egemeo.

"Mimi sasa ndiye mhakiki wa tatu. Tone limetoka wapi?"

Birago akasema labda kisu. Labda? Labda mikono. Labda? Labda hewa. Selorm akatikisa kichwa kwa huruma. Mtu mwenye mashaka akikuta tone asiloelezwa, atasema mmeficha ndoo. Kompyuta imesema yote inayoyajua, imefika mwisho wake. Aliyebaki ni binadamu aliyeshika kisu.

Jumamosi asubuhi wakaenda mtaa wa Bantama kwa Mzee Boadu, na mkate wa sukari na makopo ya maziwa, kama inavyostahili kwa mtu wa heshima yake. Na heshima alikuwa nayo, si mchezo. Pale taasisi walimwita Mzee Mizani. Alikuwa mtu wa kurudisha vipande vya penseli. Mara moja alimripoti mkurugenzi kwa kuchukua sabuni. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, anakaa safu ya mbele, na sauti yake kwenye tenzi ilisikika mpaka barabarani.

Aliwapokea kwa furaha ya kweli. Wakapewa maji, wakaulizwa habari za njiani kama desturi inavyotaka, wakatoa mkate. Mkewe, Eno Dansowaa, mama mnene mchangamfu, aliufurahia mkate, akarudi jikoni ambako alikuwa akitwanga mihogo ya fufu, lakini mlango aliuacha wazi ili asipitwe. Birago akasema wamekuja kwa jambo dogo la zamani, kuhusu konokono fulani.

Mzee Boadu akainuka akasema anakwenda kuwaangalia kuku.

Alikaa kwa kuku robo saa. Aliporudi akauliza habari za mkutubi, kama bado ana kile kikohozi. Birago akamjibu, kisha akairudia habari ya konokono. Mzee akasema umri umekwenda, kichwa hakishiki. Selorm akasema hata yule wa kahawia, mdogo, wa nyongeza? Mzee akasema jua la leo kali sana. Mtu aliyekumbuka namba ya kila kichupa kwa miaka thelathini! Birago aliona jasho linatiririka kwenye paji la uso wa yule mzee, na kwa mara ya kwanza akaogopa kweli, maana alidhani ameshajua jibu: aliwasaga wote wawili, na hataki kumvunja moyo.

Basi akaacha hila. Akamweleza moja kwa moja, kama anavyomweleza baba yake, kwamba kazi ya miaka kumi na moja inasubiri neno lake, lolote liwalo, na hata likiwa baya atalipokea. Kule jikoni mchi ukanyamaza.

Mzee Boadu akatazama viganja vyake.

"Nilimla," akasema.

"Ulimla?"

"Nilimla, Dokta. Kwa fufu."

Eno Dansowaa akatokea mlangoni, mchi mkononi. "Konokono gani? Si yule uliyeniambia umepewa na mchungaji?"

Na hapo ndipo yote yakamwagika. Alikuwa peke yake maabara, jioni ya Ijumaa, hajala tangu asubuhi. Yule mdogo alikuwa mdogo wa jina tu, alikuwa mnene, akasema Mzee Boadu, na sauti yake ikalegea kwa kukumbuka. Akamtoa kwenye gamba pale pale mezani, akamwosha kwa ndimu, akamkata vizuri, akamfunga kwenye karatasi. Halafu akakifuta kisu, akageukia yule wa milia na kufanya kazi ya taasisi. Alikifuta kisu, hakukichemsha. Haraka ilimponza. Tangu siku ile, kila mchungaji akifika kwenye amri ya nane, Usiibe, Mzee Boadu hutazama viatu vyake. Sasa kama Dokta ataona vema, atajiuzulu uzee wa kanisa Jumapili hii hii.

Maskini, hakumaliza. Birago alikuwa ameshamrukia shingoni. Alimkumbatia, akamwachia, akamkumbatia Eno Dansowaa pamoja na mchi wake, akaruka kwenye ua, kuku wakatawanyika. Kisu! Kisu kilikuwa cha konokono mmoja kisha cha mwingine, na tone lilitoka kwenye makali yake! Mtu alimla wa pili! Alicheza katikati ya ua wa watu, na majirani wakapandisha shingo juu ya ukuta kutazama ni ubatizo au ni nini. Mzee Boadu, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akisubiri polisi, alisimama mdomo wazi.

Lakini mtu mwaminifu akianza kukiri hajui kusimama. Akaingia ndani, akarudi na Biblia, na kutoka katikati yake akatoa kipande cha bahasha kilichokunjwa mara nne. Akasema wizi ni kosa moja, kuna la pili, alikaidi amri ya mkubwa wake wa kazi. Akamkabidhi Birago kwa mikono miwili.

Birago akakikunjua. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, wa haraka, wa mtu anayewahi ndege. *Mzee Boadu, tafadhali saga wote wawili pamoja, tupate vinasaba vya kutosha. Asante. B.*

Akasoma mara tatu. Akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Hakukumbuka kukiandika, lakini alijua aliandika, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akifikiri wakati ule: konokono ni konokono, data ni data, zikizidi ndiyo vizuri. Hakuwa amewatazama hata rangi. Selorm alisoma juu ya bega lake, akatoka nje ya lango, wakamsikia huko barabarani akicheka mpaka anakohoa.

"Kwa hiyo ningetii," Mzee Boadu akasema, akiwa bado hajaelewa vizuri.

"Ungetii, Baba, mimi leo nisingekuwa na kitu."

Yule mzee akaketi naye. Uso wake ukawa unafunguka kidogo kidogo. Eno Dansowaa akasema yeye anachotaka kujua ni kwa nini mchungaji alisingiziwa, na kwamba mazungumzo hayo bado, watayafanya wageni wakiondoka.

Jumatatu wakaandika jibu. Hesabu ya mama ilichukua ukurasa mmoja, na ushahidi wa Mzee Boadu, ulioandikwa kwa zile herufi zake nzuri na kutiwa sahihi, ukachukua nusu. Selorm akasoma yote, akasema yametosha. Kile kipande cha bahasha alikikunja, akakisogeza pembeni ya meza. Mhakiki hakuuliza habari ya amri, Selorm akasema, ameuliza idadi tu. Kwa nini mkuu wa kitengo ajianike mbele ya dunia kwamba hakujua kuwatofautisha konokono wawili ambao kila mtoto wa Kumasi anawajua?

Birago alikitazama kile kipande. Alitamani sana kukubali. Alijiona kwenye mikutano, watu wanagusana viwiko: yule pale, wa saga wote wawili. Kisha akamkumbuka Mzee Boadu, mbele ya mkewe na mchi wake, akisema nilimla. Uso ukamwaka moto. Akapiga picha ile bahasha, akaibandika mwishoni mwa jibu, akaandika chini yake: Amri ilikuwa yangu na ilikuwa ya kijinga. Kazi hii ipo kwa sababu Bwana Boadu alikuwa na njaa. Juu kabisa, kwenye orodha ya waandishi, akaongeza jina la tatu, akabonyeza kutuma kabla Selorm hajamshika mkono.

Siku nne tu zikapita. Barua ilipofika, Birago hakuisoma ofisini. Alimchukua Selorm wakaenda nayo Bantama, akasimama pale uani akaisoma kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza, na safari hii miguu yake ilitulia. Makala imekubaliwa. Waandishi watatu, majina yote kama yalivyoandikwa. Mzee Boadu alipolisikia la kwake akaomba lirudiwe, likarudiwa, akaomba tena. Chini kulikuwa na maneno ya mhakiki wa tatu, ambaye alimwomba mhariri yafikishwe kama yalivyo.

*Nimeridhika,* aliandika. *Sikuuliza swali lile kwa sababu ya ujuzi wangu. Miaka ishirini iliyopita na mimi niliandika kikaratasi kama cha kwako. Wangu walikuwa vyura wawili. Fundi wangu alitii. Niligundua baada ya miaka tisa, nikaifuta kazi yote, na sababu sijamwambia mtu mpaka leo.*

Birago aliikunja barua, hajui kama anataka kulia au kucheka. Mzee Boadu ndiye aliyesema, kwa masikitiko ya kutoka moyoni kabisa.

"Maskini. Hakupata mtu wa kumla mmoja." Akamgeukia mkewe. "Dansowaa, ongeza maji kwenye supu. Dokta, mwandikie aje."